Tumebana usalama wa email, sasa barua za watu hazifiki. Wa kulaumiwa ni sisi au ni wao?

#1 FoleniNdefu
Wakuu habari. Naomba mawazo yenu maana ofisini sasa hivi mimi ndo mbuzi wa kafara.

Naangalia seva ya barua ya ofisi yetu, ni Postfix, watumiaji kama themanini hivi. Miaka yote ilikuwa inaenda tu mpaka mkaguzi mmoja akapita akaandika ripoti ndefu kwamba email zetu ziko uchi, basi Ijumaa jioni (najua, msinianze) nikafanya usafi wote kwa mpigo: TLS (kufuli la kuficha barua njiani) matoleo ya zamani 1.0 na 1.1 nimezima, poti 25 seva zinapopokezana barua nimeweka TLS ni lazima asiye nayo haingii, DMARC (sera ya kuwaambia wengine wafanye nini na barua feki za jina letu) nimeitoa p=none yaani waziache, nimeipeleka p=reject yaani wazikatae, moja kwa moja, na MTA-STS (tangazo kwamba anayetuletea barua aje kwa TLS) nimeiweka mode: enforce, yaani ni lazima. Nikalala fofofo.

Jumatatu sasa. Skana ya masijala haitumi kitu. Kuna washirika wetu barua zao zinawarudia. Bosi wangu yuko kwenye listi moja ya email ya watu wa fani yake (ukiandika inaenda kwa wanachama wote), anasema akiandika nusu ya watu hawaoni. Na kuna mteja mmoja barua zake zinafika ila akituma jioni inaingia asubuhi.

Bosi anasema rudisha kila kitu kama zamani. Mimi naona hao wengine ndo waapdeti mitambo yao. Nani yuko sahihi hapa? Natanguliza shukrani.

#2 MpitaNjia
Mambo manne, Ijumaa jioni, bila kujaribu hata moja. Mkuu una roho ngumu. Nimeweka kigoda.

#3 mzee_wa_poti25
Kijana kosa lako kubwa ni kulazimisha TLS poti 25. Hilo halijaanza kukatazwa leo. RFC 3207 ya 2002 (RFC ndo hati za viwango vya intaneti), hiyo hiyo iliyoleta STARTTLS, amri ya kuanza kuficha, imesema wazi kwamba seva inayopokea barua za umma isimlazimishe mtu STARTTLS ndipo imchukulie barua yake. SMTP, lugha ya seva kupelekeana barua, ilizaliwa 1982 watu wakiwa wachache na wanafahamiana, hakuna aliyewaza habari ya kuficha, mambo ya enkripsheni yakaja kubandikwa baadaye kama kiraka. Seva mbili zikikutana zinaulizana, unayo? ninayo, haya tufiche. Huna? basi twende wazi. Ndo makubaliano hayo, ukiyabadilisha peke yako usishangae watu wakikwama mlangoni kwako.

#4 Kaka_Cheti
Shikamoo mzee, lakini hiyo ni sheria ya 2002. Hilo la "huna? basi twende wazi" ndo mlango anaopitia mwizi. Mtu akikaa katikati anafuta tu neno STARTTLS kwenye jibu la seva, upande wa pili unadhani hamna, unamwaga kila kitu wazi na hakuna hata mmoja anayejua. RFC 8314 ya 2018 imeshasema kutuma wazi kumepitwa na wakati, na TLS 1.0 ilipigwa marufuku mwaka huo huo. FoleniNdefu usirudishe kitu, asiyetaka kuapdeti abaki huko huko.

#5 Bi_Logi
Marekebisho kwa wote wawili.

STARTTLS ya email ilianza na RFC 2487 mwaka 1999, hiyo 3207 ndo ilikuja kuchukua nafasi yake. TLS 1.0 na 1.1 zimestaafishwa rasmi Machi 2021, RFC 8996. 2018 ilitoka TLS 1.3, labda ndo unachanganya hapo. Halafu 8314 haigusi seva kwa seva kabisa, inazungumzia wewe na seva yako, yaani programu ya barua kwenda poti 465 ya kutuma, 993 na 995 za kusoma. Poti 25 haimo. Kwa hiyo kwa maandishi mzee kashinda, ila hoja ya mwizi wa katikati bado iko pale pale.

FoleniNdefu weka logi, hapa tunapiga ramli tu.

#6 SevaYaUani
Poti 465 si ilifutwa? Mimi nilifundishwa kutuma kwa 587 tu.

#7 Bi_Logi
Ilifutwa ikafufuliwa. Ilitengwa 1997 kwa ajili ya smtps (kutuma barua ndani ya TLS), mwaka uliofuata ikanyang'anywa ikaja kupewa huduma nyingine kabisa, lakini programu hazikuacha kuitumia, karibu miaka ishirini watu wanapita njia iliyofungwa, mpaka 8314 ikakubali yaishe ikaihalalisha. Mazoea yalishinda.

#8 Nukta
Kuna jambo hamjaligusa. Kwenye brauza ukizima TLS 1.0 mtu anaona ukurasa umekataa, analalamika, anaapdeti. Kwenye email hakuna anayeona. Seva ya zamani inajaribu TLS, toleo halikubaliki, halafu kwa kuwa imesetiwa kutumia TLS ikipatikana tu, inarudi na kutuma wazi. Yaani umekataa kufuli bovu umepokea mlango usio na kufuli. Ndo maana kuna RFC 7435 ya 2014, msimamo wake ni kwamba bora ulinzi kiasi kwa muda mwingi. Kwa poti 25 mimi ningeacha TLS 1.0 iwepo kwa wale wasio na kingine.

Na hapo naona ndo penye mteja wa jioni-asubuhi. Postfix ikishindwa TLS haikimbilii kutuma wazi kwenye jaribio la kwanza, barua lazima iwe imekaa foleni kidogo ndo ijaribu bila TLS. Kuchelewa huko.

#9 Kaka_Cheti
Nukta, umesahau kwamba kwake wazi kumefungwa pia. Hiyo ya kurudi wazi ingekataliwa, isingefika asubuhi wala jioni. Halafu seva ambayo mpaka leo inajua TLS 1.0 tu ina matundu mengine kumi, kuihurumia ni kumchelewesha mwenye nayo asiibadilishe.

#10 Nukta
Ok hapo umenikamata. Ila la huruma bado nabisha, anayeumia ni aliyeandika barua, mwenye seva wala hajui.

#11 FoleniNdefu
Logi hizi hapa kwa kifupi. Skana inaandika "unsupported protocol", fimwea yake mtengenezaji ameitelekeza siku nyingi. Washirika wetu wanapata "530 5.7.0 Must issue a STARTTLS command first". Nimempigia admini wao, anaapa kwa kila kiapo kwamba seva yao ni mpya na inatumia TLS 1.2. Sasa nani muongo?

#12 mzee_wa_poti25
Seva yao haina TLS, amwambie bosi wake ukweli.

#13 SevaYaUani
Au wamewasha lakini kwenye kupokea tu. Postfix hizo setingi ni mbili tofauti, ya smtpd ni kupokea na ya smtp ni kutuma, herufi moja tu inatofautisha na watu wengi wanasahau ya pili. Mimi mwenyewe nilikaa mwaka mzima najisifu nina TLS kumbe natuma wazi.

#14 MpitaNjia
Mwaka mzima 😂

#15 Shangazi_wa_DNS
Mmeng'ang'ania TLS, mimi nachukua la listi maana hilo ni ugonjwa ninaoujua tangu utoto wake.

Wanangu, DMARC inapita kama SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa domeni) au DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) mojawapo imepita NA domeni yake inalingana na ile ya kwenye From, anwani ya mtumaji inayoonekana. Sasa bosi anaandika kwenye listi, listi inaipokea na kuituma upya kwa seva yake, SPF inapita lakini kwa domeni ya listi, hailingani na From. Inabaki DKIM. Listi nayo ikaongeza jina lake kwenye kichwa cha habari na maneno ya chini ya "kujitoa bonyeza hapa", sahihi ya DKIM inavunjika. Zote zimeanguka na wewe umetangaza p=reject, kwa hiyo seva inayokutii inaitupa. Nusu wanaoiona ni wa seva zisizojali DMARC.

Hii imeshatikisa dunia. Aprili 2014 Yahoo waliweka p=reject kwa sababu ya matapeli waliokuwa wanatumia majina ya watumiaji wao, AOL nao wakafuata mwezi huo huo, listi zikavurugika kila mahali. Na kibaya zaidi aliyeathirika hakuwa wa Yahoo peke yake: wa Yahoo anaandika, barua inakataliwa kwa wanachama wa kule kwingine, programu ya listi inahesabu "huyu barua zake zinarudi, zinarudi" inamfungia mwanachama ambaye hana hata kosa. Niliamka siku moja nikakuta listi yangu imepungua wanachama nikadhani wamenichoka.

#16 Kaka_Cheti
Lakini shangazi si listi ndo zinaharibu barua za watu? Mtu kasaini barua, wewe unaichana unaongeza maneno yako, halafu unalalamika sahihi haisomeki. Listi ziache kugusa barua.

#17 Shangazi_wa_DNS
Listi zimefanya hivyo tangu kabla DKIM haijazaliwa, hiyo ni ya 2007. Mgeni ndo anatakiwa abishe hodi.

#18 Kaka_Cheti
Mgeni kaja kufukuza wezi.

#19 dogo_skripti
Suluhisho rahisi wakuu, DKIM ina tegi ya l= inasema saini mwisho wake ni herufi ya ngapi, listi ikiongeza maneno chini hayahesabiwi. Imeisha hiyo.

#20 Bi_Logi
Dogo usimpe mwenzio hiyo. Kama maneno ya chini hayahesabiwi basi na mimi tapeli naweza kuchukua barua yako halali nikaongeza chini yake ukurasa mzima wangu na sahihi yako itasema safi. Na haisaidii kama listi imebadilisha kichwa cha habari, maana kichwa nacho huwa kimesainiwa.

Kinachofanyika siku hizi ni listi kubadilisha From, inaonekana barua imetoka kwa listi kwa niaba ya bosi. Inachukiza, kitabu cha anwani kinavurugika na mtu akijibu hajui anamjibu nani, lakini inafika. IETF wenyewe wanaotunga hivi viwango listi zao zinabadilisha anwani za wenye DMARC kali, utaona mtu ana dmarc.ietf.org kwenye anwani yake. Kuna na ARC, RFC 8617 ya 2019, kila anayeipitisha barua anaandika "mimi nilipoipokea ilikuwa nzima", ila mpokeaji lazima aamue anamwamini nani, kwa hiyo imesaidia kwa wakubwa kuliko kwa sisi wa seva moja.

#21 dogo_skripti
Nimefuta kwenye seva yangu 🙈 asante dada.

#22 TLSA_311
Naona uzi umechangamka, niongeze kesi yangu kwa sababu FoleniNdefu naona unaelekea huko huko.

Mimi nilikuwa mgonjwa wa DANE. Ile unaweka alama ya ufunguo wa seva yako kwenye DNS (daftari la majina ya intaneti), rekodi ya TLSA, na DNSSEC, yaani sahihi za DNS, inalinda hiyo rekodi, seva inayotuma inalinganisha na ufunguo inaoonyeshwa, haihitaji kuamini kampuni ya vyeti hata moja. RFC 7672 ya 2015. Nzuri mno kwenye karatasi. Nikaweka TLSA ya aina ya 3 1 1 (inayobana ufunguo wenyewe), nikajipima kwenye tovuti za vipimo, kijani kitupu, nikasahau. Cheti changu ni cha Let's Encrypt cha siku 90, usiku mmoja certbot, programu ya kuhuisha vyeti, ikakihuisha na kwa kawaida yake ikatengeneza na ufunguo mpya, TLSA kule kwenye DNS ina ufunguo wa zamani. Sasa angalia uzuri wa balaa: Gmail haiangalii DANE, kwa hiyo barua za watu wa Gmail ziliendelea kuingia kama kawaida, mimi nikijijaribu kutoka Gmail naona salama. Wanaoangalia DANE, yaani wale waliojitahidi kama mimi, ndo waliokwama. Barua zikakaa foleni kwao, Postfix inavumilia siku 5 kabla ya kuirudisha, siku ya sita ndo simu zikaanza.

Nikawa nawajibu kwa kiburi kabisa, "tatizo liko kwenu, kwangu kijani".

Siku hizi natumia --reuse-key, na nikitaka kubadili ufunguo naweka TLSA mpya pembeni ya ya zamani siku kadhaa kabla.

#23 FoleniNdefu
#22 sijaweka DANE mkuu, DNSSEC yenyewe msajili wetu wa domeni haisapoti. Mimi ni MTA-STS. Na ndo nauliza, hiyo enforce inaweza kuwa ndo inazuia za bosi zinazoenda kwenye listi? Nikiitoa itachukua muda gani maana nimeweka max_age (muda wa wengine kuihifadhi sera) ya mwaka.

#24 Nukta
Hapana, sera ya MTA-STS unayoitangaza wewe inawahusu wanaokutumia WEWE. Inawaambia "ukija kwangu njoo kwa TLS, cheti kiwe halali na jina la MX (seva inayopokea barua zangu) liwe kwenye orodha hii, la sivyo usiniletee". Za bosi zinazotoka haizigusi.

Ila mwaka mzima mkuu... ndo umejifungia hivyo, ukikosea MX mwaka huu wote uko nao.

#25 Bi_Logi
Nukta nusu sahihi. Aliyehifadhi sera ya zamani akishindwa kufikisha barua anatakiwa aangalie kwanza kama kuna sera mpya kabla ya kuirudisha kabisa, kwa hiyo ukirekebisha faili na kubadili id kwenye TXT (rekodi ya maandishi ya DNS) inapona mapema, sio lazima mwaka uishe. Mwaka unakuuma kama ile seva ya mta-sts yenyewe imekufa au cheti chake kimeisha muda, hapo hawezi kusoma sera mpya, anabaki na ya zamani. Na ukitaka kuondoka usifute faili, weka mode: none na max_age fupi, subiri, ndo ufute. Kuna mode: testing pia, ilikuwa ndo ya kuanzia pamoja na ripoti za TLS-RPT uone nani angekwama. Sasa ndo nimesema basi.

#26 MpitaNjia
Hujasema basi dada, tunakujua.

#27 KimyaKimya
Wakuu mnahangaika bure, tumieni PGP mambo yaishe. Ukificha barua yenyewe poti 25 iwe wazi iwe imefungwa inakuhusu nini.

#28 mzee_wa_poti25
Amefika.

#29 Shangazi_wa_DNS
KimyaKimya mwanangu PGP ipo tangu 1991, angekuwa ni wa kumaliza mambo angeshayamaliza. Mpe bosi wa FoleniNdefu ufunguo wa PGP, wiki ya pili kabadilisha laptopu ufunguo umepotea na barua za mwaka hazifunguki.

#30 Nukta
Na kichwa cha habari bado kiko wazi, na nani kamwandikia nani bado kiko wazi. EFAIL, utafiti wa udhaifu wa 2018, ilionyesha programu za barua zikifungua barua iliyofichwa yenye HTML zinaweza kuitoa yaliyomo nje zenyewe, S/MIME, mpinzani wa PGP, ndo iliumia zaidi. Halafu sasa hivi hata kiwango chenyewe kimegawanyika, RFC 9580 ilitoka 2024 lakini watu wa GnuPG, programu maarufu ya PGP, walishaikataa kabla haijatoka wakafuata njia yao wanayoiita LibrePGP. Ukitumia vitu vipya vya upande mmoja upande wa pili haufungui. Tulikuwa tunalia na listi, sasa hata wafichaji wenyewe hawasomani.

#31 KimyaKimya
Mimi na wenzangu watatu tunasomana vizuri tu.

#32 MpitaNjia
Watatu 😂😂 hiyo ni listi tayari

#33 dogo_skripti
Swali dogo nje ya mada kidogo, DKIM ufunguo wa biti 1024 au 2048? Nikiweka 2048 paneli yangu ya DNS inakataa, inasema ndefu mno.

#34 Shangazi_wa_DNS
2048. Kipande kimoja cha TXT mwisho wake herufi 255, ufunguo wa 2048 unazidi hapo, kwa hiyo unaukata vipande viwili ndani ya alama za kunukuu kwenye rekodi ile ile moja. Usitengeneze rekodi mbili. Kama paneli haikubali vipande badilisha mwenye paneli, au kaa na 1024 huku ukihama. Kuna aina nyingine ya ufunguo, Ed25519, mfupi kabisa tangu 2018 lakini wapokeaji wengi hawaisomi, anayeitumia inabidi asaini mara mbili, RSA (ile aina ya kawaida) pembeni.

Na usidharau urefu. Desemba 2011 mwanahisabati mmoja wa Marekani aliandikiwa barua ya ajira ya Google akaona DKIM yao ni biti 512, akadhani ni mtihani wa kumpima, akauvunja ufunguo akawatumia wakuu wa Google barua kama vile wameandikiana wenyewe. Hakikuwa mtihani.

#35 SevaYaUani
Hii stori naipenda kila nikiisikia.

Kwenye skana, FoleniNdefu, usifungue TLS 1.0 kwa dunia nzima kwa ajili ya skana moja. Weka rilei ndogo (seva ya kupokezana barua) ndani ya mtandao wenu, skana iongee nayo wazi huko ndani kwa anwani yake moja tu ya IP, rilei ndo iongee na seva kwa TLS ya kisasa. Tulifanya hivyo Oktoba 2022 Microsoft walipoanza kuzima kuingia kwa paswedi pekee kwenye Exchange Online, huduma yao ya barua, kwa SMTP walilegeza kidogo wakati ule lakini hatukutaka kusubiri, skana huwezi kuiambia ifungue brauza ibonyeze "ruhusu".

Ila angalia jambo moja. Kuna tundu liliitwa SMTP smuggling, Desemba 2023, la seva kukubali mwisho wa mstari usio kamili, basi Postfix mpya zimebana hapo. Nina kifaa kimoja kilikuwa nje ya mtandao unaoaminika, kilikuwa kinamaliza mistari kienyeji, baada ya apdeti kikawa kinatuma barua yote halafu kinaganda hapo mwisho mpaka muda unaisha. Ndani ya mynetworks, orodha ya Postfix ya mitandao inayoaminika, haibani, kwa hiyo hakikisha IP ya skana imo.

#36 Kaka_Cheti
Yaani mwisho wa siku tumerudi kuongea wazi.

#37 SevaYaUani
Waya wa mita tano ndani ya chumba kilichofungwa mkuu.

#38 Kaka_Cheti
Leo mita tano. Kesho masijala inahamishwa ghorofa nyingine na hakuna anayekumbuka rilei. Nimeyaona.

#39 FoleniNdefu
Wakuu nimerudi na habari. Washirika wetu.

Nimekaa kwenye simu na admini wao, nikamwambia toka kwenye seva yenu piga telnet kwangu poti 25 andika EHLO (salamu, seva inajibu kwa orodha ya inachoweza) unisomee. Akasoma, SIZE, 8BITMIME, halafu akasema kuna mstari wa ajabu, "250-XXXXXXXA". Mimi kwangu sina kitu kama hicho! Nikipiga kutoka kwingine naona 250-STARTTLS vizuri.

#40 mzee_wa_poti25
Haaa! Faiwoli! Nimeisahau kabisa hiyo, samahani kwa admini wao, nimemwita muongo bure. Kuna faiwoli za zamani zina ukaguzi wa SMTP, amri yoyote isiyoitambua au isiyoitaka inaifuta kwa X, STARTTLS herufi nane, XXXXXXXA herufi nane. Ili iendelee kukagua barua inahakikisha hamfichi. Seva yao mpya kweli na TLS inayo kweli, ila haijawahi kuona kwamba na wewe unayo.

#41 Bi_Logi
Na hii ndo ile ile ya Kaka_Cheti #4, mtu wa katikati anafuta neno. Tofauti ni kwamba huyu analipwa mshahara na kampuni yenyewe.

Kaka_Cheti, ungekuwa na TLS ya hiari usingejua milele. Ulazima wa FoleniNdefu ndo umeifichua. Lakini nyie wa upande wa pili pia, barua za siku tatu zimerudi ili tujue hilo. Mimi sijui niseme nani kashinda hapa.

#42 Kaka_Cheti
Mimi najua.

#43 Nukta
Kingetosha TLS ya hiari na kusoma logi, Postfix inaandika muunganisho upi ulikuwa na TLS na upi hauna. Hakuna barua ingerudi.

#44 Kaka_Cheti
Na nani anasoma logi kabla ya kitu kuvunjika? Wewe unasoma?

#45 Nukta
...kila Ijumaa

#46 MpitaNjia
Ijumaa tena

#47 FoleniNdefu
Nilipofikia mpaka sasa: skana ina rilei yake. Poti 25 nimerudisha TLS iwe ya hiari kwa muda mpaka washirika wazime ule ukaguzi, TLS 1.0 na 1.1 nimeziacha zimezimwa, Nukta nisamehe. DMARC nimeishusha p=quarantine, na kwenye ripoti nimekuta kitu hata sikukijua, watu wa mauzo wana huduma ya nje inatuma majarida kwa jina letu bila DKIM yetu, tangu lini sijui, hayo yote p=reject ilikuwa inayatupa na hakuna aliyelalamika 😂

#48 Shangazi_wa_DNS
Huduma hiyo isikie mapema kwamba tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka anayewatumia barua kwa wingi (Gmail wanahesabu kuanzia kama 5000 kwa siku) awe na SPF, DKIM na DMARC zote. Na ukiiongeza kwenye SPF hesabu include zako (SPF za wengine ulizoziingiza), zikilazimisha DNS kuulizwa zaidi ya mara 10 SPF yote inahesabika mbovu hata kwa barua zako halali. La listi quarantine haitakutibu, kwa wengine bosi atakuwa anaingia kwenye spamu badala ya kutupwa. Mwambie mwenye listi abadilishe From.

#49 FoleniNdefu
Mwenye listi kajibu kwamba listi ipo tangu 1998 na habadilishi kitu.

#50 Shangazi_wa_DNS
Nampenda tayari.

#51 SevaYaUani
Bado mteja wa jioni-asubuhi. Mimi naona ni kuchujwa kwa muda, ile seva inamkataa mgeni mara ya kwanza ili aje tena. Una greylisting?

#52 FoleniNdefu
Sina.

#53 Nukta
Basi wana seva mbili za kutolea, moja nzee moja mpya. Ikianguka kwa nzee inakataliwa, ikirudiwa ikabahatika ya mpya inapita. Bahati nasibu.

#54 mzee_wa_poti25
Au saa ya kompyuta yake imekosewa na hakuna kilichochelewa. Muulize kwanza yuko wapi na saa yake inasema nini.

#55 TLSA_311
Au anafunga laptopu kabla haijamaliza kutuma.

#56 FoleniNdefu
Saa yake iko sawa, nimeangalia. Nimefungua vichwa vya barua ya jana: imetoka kwake saa 11:40 jioni, imefika kwenye seva yao dakika hiyo hiyo, halafu mstari unaofuata ni seva yangu saa 1:12 asubuhi, TLS 1.3. Seva ya kutolea ni moja tu, jina lile lile kwenye zote tano nilizonazo. Na nimerudisha TLS ya hiari tangu juzi, bado hivyo hivyo. Kwenye logi yangu usiku mzima hakuna jaribio hata moja kutoka kwao.

#57 Bi_Logi
Hakuna hata muunganisho uliokatika? Angalia faiwoli yenu nyie, sio logi ya Postfix.

#58 FoleniNdefu
Faiwoli si ya idara yangu. Nimemwandikia anayeihusu, email, jana jioni. Hajajibu.